PARI/GP na namba kubwa: kikokotoo kinachosema kweli, mradi ujue kukiuliza

Namba nzima ikishavuka tarakimu 15, vifaa vingi vya kila siku huanza kusema uongo juu yake. Kikokotoo cha simu huigeuza kuwa desimali yenye kipeo cha kumi, lahajedwali huijaza sifuri mkiani, na tovuti zinazojigamba kuorodhesha "sifa zote za namba" hukupa mambo mepesi: ni witiri, ina tarakimu kadhaa, kwa maneno husomeka hivi. Mazito hayaguswi, kwa sababu karibu yote yanategemea kazi moja ngumu, nayo ni kuivunja namba kuwa vigawo tasa.

PARI/GP ni programu ya bure iliyozaliwa Bordeaux, Ufaransa, katika kundi la mwanahisabati Henri Cohen, na hadi leo inaendelezwa hapohapo. Kazi hiyo ngumu inaifanya bila makeke. Tunaipa nyota 4 kati ya 5. Kwa namba ya tarakimu 20 hadi 80 ni vigumu kupata kifaa kingine cha bure chenye majibu mapana na sahihi kiasi hiki. Nyota moja tumeikata kwa sababu ya ukimya wake: haikuonyi unapouliza swali baya, na baadhi ya majibu yake yana masharti yanayokaa ndani ya mwongozo tu.

Namba ya kupimia ni 147573952589676412927, yaani 2^67 − 1. Ina tarakimu 21 tu, lakini ni mtego wa kutosha. Mwanahisabati Mfaransa Mersenne aliiweka katika orodha yake ya 1644 kama namba tasa. Mwaka 1876 Lucas akaonyesha kwamba si tasa, bila kutaja kigawo hata kimoja. Vigawo vyenyewe vilipatikana 1903, na aliyevitoa ni Frank Nelson Cole. Kifaa chochote kikiteleza hapa, jibu sahihi lipo tayari la kukisuta.

Kabla ya kuamini kifaa chochote, kibandikie namba hiyo kwanza. Lahajedwali zinazoshika tarakimu 15 zitairudisha ikiwa 147573952589676000000, namba shufwa inayogawanyika kwa milioni. Vifaa vinavyohesabu kwa desimali za biti 64, ambazo hushika namba nzima zote kwa uhakika hadi 9007199254740992 tu (2^53), vitaisogeza kwa moja na kukuambia kwamba vigawo vyake ni 2 tupu, ikijirudia mara 67. Jibu hilo la pili ni la hatari zaidi kwa sababu linapendeza macho. Ukiliona, funga ukurasa.

Usakinishaji hauna maajabu. Kwenye Debian na Ubuntu ni `sudo apt install pari-gp`, kwenye Mac yenye Homebrew ni `brew install pari`, na Windows ina kisakinishi chake. Asiyetaka kusakinisha anaweza kuiendesha ndani ya kivinjari kwenye tovuti ya mradi. Ukiandika `gp` unapokewa na alama ya kuuliza, nayo ndiyo sehemu ya kuandikia amri. Hakuna vitufe wala menyu, na ujumbe wote ni wa Kiingereza.

Kuingiza namba kuna mambo yake madogo. Nafasi kati ya tarakimu hazina shida, gp huzimeza: `147 573 952 589 676 412 927` husomeka kama namba moja. Koma za kutenganisha maelfu huleta kosa la sarufi. Namba ndefu iliyonakiliwa kutoka kwenye hati ikiwa imekatika mistari, weka alama ya `\` mwishoni mwa kila mstari usio wa mwisho, la sivyo gp itachukua mstari wa kwanza kama namba kamili na kuendelea bila wasiwasi wowote. Usiandike `1e20` ukidhani ni sawa na `10^20`. Ya kwanza ni desimali, na vitendakazi vya namba nzima vitaikataa.

Kazi yenyewe:

`n = 2^67-1`
`F = factor(n)`

Jibu ni jedwali la safuwima mbili. Kushoto kuna vigawo tasa, 193707721 na 761838257287, kulia kuna vipeo vyake, vyote 1. Kwenye kompyuta yoyote ya kisasa hutasubiri. Ukitaka kuona muda, andika `#` peke yake na kila jibu litakuja na saa yake. Kisha hakiki: `factorback(F)==n` irudishe 1.

Hapa ndipo watumiaji wengi wapya wanapoteza muda bila kujua. Baada ya kupata F wanaandika `numdiv(n)`, halafu `sigma(n)`, halafu `eulerphi(n)`, na kila amri inaanza kuivunja namba upya. Kwa tarakimu 21 hutahisi lolote, lakini kwa tarakimu 75 umejizidishia kungoja mara tatu au nne. Vitendakazi hivi vinapokea jedwali la vigawo moja kwa moja, kwa hiyo vipe F:

`numdiv(F)` hutoa 4, idadi ya vigawo vyote.
`sigma(F)` hutoa 147573953351708377936, jumla ya vigawo vyote, namba yenyewe ikiwemo.
`eulerphi(F)` hutoa 147573951827644447920, idadi ya namba kuanzia 1 hadi n ambazo KKS (kigawo kikubwa cha shirika) yake na n ni 1.
`moebius(F)` hutoa 1, kwa kuwa vigawo tasa ni viwili na hakuna kinachojirudia.

Ukitoa n kwenye sigma unabaki na 762031965009, jumla ya vigawo vilivyo vidogo kuliko namba yenyewe. Ni kidogo mno kuliko n, kwa hiyo namba hii iko kundi la namba pungufu, mbali kabisa na ukamilifu, yaani hali ya jumla hiyo kuwa sawa na namba yenyewe. Kuna kejeli kidogo hapo: laiti Mersenne angekuwa sahihi, namba hii ingezaa namba kamilifu ikizidishwa kwa 2^66.

Sifa nyingine hazihitaji vigawo kabisa na hutoka papo hapo. `sumdigits(n)` ni 109. `hammingweight(n)` ni 67, maana katika kizio cha mbili namba hii ni moja 67 zilizopangwa mstari. `n%8` ni 7, na hilo peke yake linatosha kusema kwamba haiwezi kuandikwa kama jumla ya vipeo vya pili vitatu, inahitaji vinne. Idadi ya tarakimu ipate kwa `#digits(n)`. Usitumie logi. Chukua 10^60 − 1, ambayo ina tarakimu 60: kwa usahihi wa kawaida wa gp, wa tarakimu 38, logi yake ya kumi inakadiriwa kuwa 60 kamili, kisha kanuni ya "sehemu nzima jumlisha moja" inakuambia 61. Vivyo hivyo kipeuo cha pili: `sqrt(n)` ni desimali, `sqrtint(n)` ndiyo sehemu nzima ya kweli, na swali la kama namba ni kipeo cha pili kamili huulizwa kwa `issquare(n)`.

Utasa unastahili kusomwa polepole, kwa sababu gp ina maswali mawili yanayofanana sura. `ispseudoprime(n)` hupima haraka kwa njia iitwayo BPSW. Chini ya 2^64 imehakikiwa kwamba haikosei kamwe. Juu ya hapo hakuna mfano wa kosa unaojulikana, lakini pia hakuna uthibitisho. `isprime(n)` ndiyo inayothibitisha. Kwa 2^127 − 1, yenye tarakimu 39, tofauti ya muda haionekani. Kwa namba ya tarakimu elfu kadhaa, ya kwanza inamaliza mapema wakati ya pili bado inatafuna. Sharti lililofichika ni hili: `factor` kwa kawaida huridhika na BPSW, na `nextprime` pia. Ukitaka vigawo vilivyothibitishwa, andika kwanza `default(factor_proven,1)`. Jambo hili lilipaswa kuonekana kwenye jibu lenyewe, na si kungoja msomaji wa mwongozo mwenye subira. Ukipenda jaribio dogo la furaha, `nextprime(10^100)-10^100` hutoa 267.

Namba yetu inaonyesha vizuri kwa nini kipimo hafifu hakifai. Kipimo cha Fermat kwa msingi wa 2 kinasema: kokotoa 2^(n−1), gawanya kwa n, na baki likiwa 1 namba ni "huenda tasa". Kwenye gp ni `Mod(2,n)^(n-1)`. Baki ni 1, na namba si tasa! Sababu ni wazi ukiitazama: 2^67 gawanya kwa n hubakiza 1, na n − 1 ni kigawe cha 67, kwa hiyo lazima baki liwe 1. Hata kipimo kikali zaidi cha Miller–Rabin kikitumia msingi huo wa 2 pekee hudanganywa, kwani (n−1)/2 nayo ni kigawe cha 67. Msimbo mwingi unaosambazwa mtandaoni wa "kupima namba tasa" hutumia msingi wa 2 peke yake. BPSW inaongeza kipimo cha Lucas juu ya hicho, na ndiyo maana `ispseudoprime(n)` hurudisha 0 kama inavyotakiwa.

Anayetaka kuelewa gp inafanya nini chini kwa chini, namba hii ni darasa zuri. Kujaribu kugawanya kwa kila namba tasa hadi 193707721 ni majaribio zaidi ya milioni 10. Ukikumbuka kwamba kigawo tasa cha 2^67 − 1 lazima kiwe na umbo la 134k + 1, kazi inashuka hadi thamani 1445580 za k. Sharti la pili, kwamba kigawo kikigawanywa kwa 8 kibakize 1 au 7, linaacha k zinazobakiza 0 au 1 zikigawanywa kwa 4, yaani nusu. Njia ya rho ya Pollard haihitaji ujanja wowote kuhusu umbo: inatarajiwa kufika baada ya hatua za kadiri ya kipeuo cha pili cha kigawo kidogo, hapa kama 14000.

Njia ya p − 1, inayonasa kigawo tasa p ikiwa p − 1 imeundwa na vigawo vidogo tupu, ndiyo tamu zaidi, na ndiyo inayoharibika kwa namna ya kufundisha. Kigawo kidogo kikiondolewa moja ni 2^3 · 3^3 · 5 · 67 · 2677. Kikubwa kikiondolewa moja ni 2 · 3^2 · 29 · 67 · 2551 · 8539. Weka kikomo cha 3000, uandike

`L = lcm([1..3000]); gcd(lift(Mod(3,n)^L-1),n)`

na 193707721 inaanguka mkononi, kwa sababu 2677 iko ndani ya kikomo na 8539 iko nje. Pandisha kikomo hadi 10000 ukidhani unaongeza nguvu, na jibu linakuwa n yenyewe: vigawo vyote viwili vimenaswa kwa wakati mmoja na KKS haiwezi kuvitenganisha. Tiba ni kushusha kikomo, au kuchukua KKS kila baada ya hatua chache badala ya mwisho tu. Ukibadilisha 3 kuwa 2 utapata n kila wakati, kwa kuwa L ni kigawe cha 67 na 2^67 tayari hubakiza 1. Huhitaji kufanya haya kwa mkono. `factor` hupitia yenyewe mgawanyo wa kawaida, rho, SQUFOF, mikunjo ya duaradufu iitwayo ECM, na mwisho MPQS, njia ya kuchuja vipeo vya pili.

Sasa kikomo cha kifaa. Hadi tarakimu 60 hivi, hata namba iliyotungwa kwa ukaidi (vigawo tasa viwili vyenye urefu sawa) humalizika kabla hujachoka kungoja. Kuanzia 80 ni ya kuiacha ifanye kazi huku ukishughulika na mengine, na kuelekea 100 kompyuta ya mezani inaweza kushikwa kwa saa nyingi. Juu kidogo ya 100 MPQS ya gp inakata tamaa, na kinachobaki ni bahati ya ECM. Urefu peke yake hauamui kitu lakini. Namba ya tarakimu 300 yenye vigawo vidogo tupu huvunjika mara moja, wakati RSA-250, namba ya changamoto yenye tarakimu 250, ilivunjwa Februari 2020 kwa programu nyingine, CADO-NFS, kwa kazi ya takriban miaka 2700 ya kiini kimoja cha prosesa. Kwa hiyo usiulize "gp inaweza tarakimu ngapi". Uliza kigawo cha pili kwa ukubwa kina tarakimu ngapi, na hilo hulijui mpaka ujaribu.

Kwa namba usiyoijua, anza na `factor(n,10^5)`, inayotafuta vigawo vilivyo chini ya laki moja pekee. Angalizo: mstari wa mwisho wa jedwali hilo unaweza kuwa mabaki yasiyovunjwa, na gp haiweki alama yoyote ya kuyatofautisha na namba tasa. Upitishe kwenye `ispseudoprime` kabla ya kuuamini. Ukilipa `numdiv` jedwali la namna hiyo bila kuhakiki, utapata jibu safi, la haraka, na la uongo.

Kazi ndefu ina usumbufu mwingine: skrini iko kimya, hujui inaendelea au imekwama. `\g4` kabla ya kuanza huifanya ieleze hatua zake. Washa pia `default(factor_add_primes,1)`, ili ukikatisha kwa Ctrl-C vigawo vikubwa vilivyokwisha kupatikana vibaki kwenye kumbukumbu na kujaribiwa kwanza safari ijayo. Bila hiyo unaanza mwanzo. Ukishakatisha unaweza kuona `break>`. Andika `break` urudi kwenye alama ya kuuliza. Ujumbe kwamba rafu ya PARI imefurika maana yake kumbukumbu iliyotengwa haikutosha, na `default(parisizemax,"2G")` humaliza tatizo kwenye kompyuta yenye nafasi.

Hali ya kawaida ya kufurika ni `divisors(n)` kwa namba yenye vigawo vingi. 963761198400 ina tarakimu 12 tu lakini vigawo 6720, kwani ni 2^6 · 3^4 · 5^2 ikizidishwa kwa 7, 11, 13, 17, 19 na 23. Hiyo bado itapita, ila skrini itajaa. Kwa namba ya tarakimu 60 ya jamaa hiyo orodha haiwezekani tena, ingawa `numdiv` hutoa idadi yake bila kuhema. Weka nukta mkato mwishoni mwa amri kuzuia matokeo yasichapwe.

Je, kuna mbadala? Kwenye Linux amri ya `factor` ya GNU tayari ipo na haihitaji kusakinishwa: `factor 147573952589676412927` hutoa vigawo viwili na basi. Inatosha kwa swali moja, haitoi sifa nyingine, na namba yenye vigawo viwili vikubwa itaining'iniza muda mrefu kwa sababu inategemea rho. Kikokotoo cha Dario Alpern kinachoendeshwa ndani ya kivinjari kinampendelea asiyetaka kuandika amri: unaingiza namba au fomula, kinatumia ECM na kisha kutoa idadi ya vigawo, jumla yake, phi, Möbius, na hata namba yenyewe kama jumla ya vipeo vya pili, jambo ambalo gp haina amri moja ya kulifanya. Kwa matumizi ya mara moja moja, tungemwelekeza mtu huko kwanza.

FactorDB si kikokotoo, ni ghala. Unaandika `2^67-1` na inakuonyesha kilichojulikana. Alama FF ni namba iliyovunjwa yote, CF ni iliyovunjwa nusu, C si tasa ila kigawo hakijulikani, PRP ni huenda tasa, na P ni tasa. Ipitie kabla ya kuwasha kompyuta usiku kucha, kwa maana namba nyingi maarufu zimeshavunjwa na wengine. Zidisha vigawo mwenyewe kuhakiki; kuzidisha ni kazi ya kufumba na kufumbua.

Mabaki ya tarakimu 90 na kuendelea yapeleke kwenye YAFU, programu ya kuvunja namba inayotumia viini vyote vya prosesa. Ukishuku kuna kigawo cha kati kimejificha, GMP-ECM ndiyo chombo chake, kwa amri kama `echo "namba" | ecm -c 200 50000`. Kikomo cha 50000 kinalenga vigawo vya tarakimu 25, 250000 vya 30, milioni 1 vya 35, milioni 3 vya 40. Kuruka moja kwa moja hadi milioni 3 ni kosa la kawaida: kila mkunjo unakuwa mzito, na kigawo cha tarakimu 22 ambacho kingepatikana upesi kinalipiwa kwa bei ya kile cha 40.

Na kama unachohitaji ni kumwonyesha mtu mwingine kwamba namba fulani ni tasa bila yeye kulazimika kukuamini, gp ina `primecert(n)`, inayotoa cheti kwa njia ya mikunjo ya duaradufu, na `primecertisvalid` ya kukikagua. Hifadhi cheti kwenye faili kwa `write("cheti.txt", c)`, c ikiwa jibu la `primecert`. Kukagua ni kwepesi kuliko kutengeneza, na kwa namba ya tarakimu mia kadhaa tofauti hiyo utaiona mwenyewe kwenye saa ya `#`.